Mazuku: hadithi itangulie asilimia

Mhariri,

Vipindi vya redio hapa Goma kuhusu mazuku, yaani mashimo yanamotuama gesi ya volkeno inayoua, vikianza na asilimia za kaboni dioksidi, msikilizaji huhama stesheni. Anzeni na mbuzi aliyekufa shimoni alfajiri, mchungaji kasimama kando yake, mzima. Imekuwaje? Acheni swali lining'inie kidogo. Kisha elezeni: kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, haina rangi, hutuama mabondeni usiku usio na upepo, pua ya mbuzi imo ndani yake, ya mtu mzima iko juu. Takwimu moja yatosha: ikizidi asilimia 10, mtu huweza kuzimia ndani ya dakika chache. Msiseme mlima wa volkeno umekasirika, maana watu watatafuta kosa badala ya kukwepa mashimo. Na mchungaji asiiname kumwinua mbuzi.

Msomaji wenu,
Goma