Kadi mbili, namba moja: walenga shabaha nasi tuulizwe

Mhariri,

Miaka tisa nasoma gazeti lako kimya kimya, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya mapitio ya kanuni za silaha. Mmewataja wadau: polisi, kampuni za ulinzi, wenyeviti wa vijiji, watu wa wanyamapori. Sisi tunaolenga shabaha kwa mchezo hatumo, hata kwenye ile "na wengineo" ya mwisho. Picha nayo ilikuwa ya AK-47, silaha ambayo raia hapewi leseni yake. Ni sawa na kuandika habari ya baiskeli ukaweka picha ya kifaru cha vita.

Kutoulizwa huko kuna matokeo yanayoshikika mkononi. Majuzi wanachama wawili wa klabu yetu walirudi kutoka ofisi moja ya mkoa huu walikokwenda kuhuisha leseni. Bunduki zao ni za marisau, zenye mitutu miwili, moja ya Kirusi na nyingine ya Kiitaliano. Kadi zote mbili, mahali pa namba ya bunduki, zimeandikwa 1270! Karani aliona pamegongwa 12/70 kwenye mtutu, akahesabu tarakimu nne, akaridhika. Ile 12 ni kipimo cha bunduki na ile 70 ni urefu wa chemba, pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, kwa milimita. Zimo kwenye maelfu ya bunduki duniani. Namba yenyewe mara nyingi haionekani ukiitazama bunduki ikiwa imelala mezani. Unaikunja kwanza kwenye bawaba kuhakikisha chemba zote mbili ni tupu, unaifunga, unachomoa mti wa mbele, ule unaoshikwa na mkono usio na kifyatulio, kisha unaikunja tena na kutenganisha mitutu na bodi, ile sehemu yenye kifyatulio. Namba iko kwenye bodi, na mara nyingi imerudiwa chini ya mitutu. Panguse grisi kabla ya kusoma, maana 3 iliyojaa uchafu hugeuka 8. Namba hizo mbili zikitofautiana, huenda mitutu imebadilishwa, na hapo ndipo afisa anapopaswa kuuliza maswali. Kazi yote haizidi dakika tatu. Isipofanyika, mwenye leseni halali anatembea na bunduki isiyo na leseni, na siku ikiibiwa, polisi watatafuta 1270 mpaka wachoke.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba ile 70 waliyoifanya namba ndiyo ilistahili nafasi yake kwenye fomu, na nafasi hiyo haipo. Fomu inauliza kipimo, unajibu 12, basi. Dukani kuna risasi za milimita 70 na za 76, na hiyo 76 inaweza kuingia kwenye chemba ya 70 bila kukwama, kwa sababu urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Mdomo ukiwa bado umekunjwa ganda ni fupi, linakaa vizuri na bunduki inafunga. Ukifyatua, mdomo unafungukia kwenye koo la mtutu, njia inabanwa, shinikizo linapanda. Bunduki ya zamani inaweza kulegea bawaba au kupasuka chemba. Mlenga shabaha yeyote angewaambia hili bure, kabla fomu haijapelekwa kwa mpiga chapa.

Halafu risasi. Anayeandika kibali cha risasi akimfikiria mtu anayelinda duka lake ataona boksi mbili kwa mwaka ni nyingi. Sisi hupiga visahani vinavyorushwa hewani, na mzunguko mmoja ni visahani 25. Mchujo wa mashindano ya kimataifa ya trapu, aina mojawapo ya mchezo huo, ni visahani 125, na ukikosa kwa risasi ya kwanza unaruhusiwa ya pili. Hizo ni boksi tano za risasi 25, na kwa anayekosa sana zinakaribia kumi, kwa mchujo huo tu. Anayefanya mazoezi ya mzunguko mmoja kwa wiki anahitaji angalau 1,300 kwa mwaka. Hatuombi mtu azirundike nyumbani. Zitunzwe kwenye stoo ya klabu, zitolewe kwa daftari na maganda yarudishwe kwa hesabu.

Nasi tuna makosa yetu, nisijifanye malaika. Tunaishi Dodoma, Bunge liko mlangoni, na bado tunalalamikia kwenye chai. Wengi wetu wanasubiri muswada upelekwe kwenye kamati ndipo wakatoe maoni, kama vile Sheria ya silaha ya mwaka 2015 ndiyo inayochora fomu. Fomu, ada na viwango hukaa kwenye kanuni, na kanuni hutungwa wizarani. Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo huzipitia zikiwa zimeshatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ukifika hapo unakuta nyama imegawanywa, umebakiwa na kwato. Barua ziende wizarani sasa, zikiwa na fomu mbadala iliyokwisha kuchorwa: safu ya namba ya bodi, safu ya namba ya mitutu, safu ya chemba, na mahali pa kuandika "mchezo" badala ya kumlazimisha mtu ajiite mlinzi wa mifugo asiyokuwa nayo.

Wakati tunasubiri, naomba kila dawati la leseni mkoani lipewe tochi, kioo cha kukuzia na kitambaa chenye mafuta kidogo. Vyote vinapatikana soko la Majengo, na kitambaa nitakitoa mimi.

Mlenga shabaha,
Kikuyu, Dodoma