Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaofuatwa na makocha wa vyuo vya Marekani

Wanangu,

Ninyi wana wa Wakongo na Wakenya mliokulia Texas na Ohio, mkiahidiwa kwamba chuo kikishinda mechi zote za futiboli ya Kimarekani kitagombea ubingwa wa taifa, tazameni kwanza yaliyotokea.

Mwaka 2023 chuo cha Florida State walimaliza 13-0, yaani ushindi 13 bila kufungwa, na ubingwa wa ligi ya ACC mkononi. Nafasi za mtoano wa ubingwa wa taifa zilikuwa nne. Kamati ya watu 13 inayochagua timu za mtoano ikawaweka wa tano, ikawapitisha Texas na Alabama waliokwisha kufungwa mechi moja moja. Kisa? Kwotabeki wao (mchezaji anayeongoza mashambulizi), Jordan Travis, alivunjika mguu Novemba. Wenzake walishinda bila yeye, hata fainali ya ligi, na bado wakahukumiwa kwa mechi ambazo hawajacheza. Hiyo ni dhuluma, na waliotia saini ni watu wazima wenye heshima zao. Chuo cha UCF nao mwaka 2017 hawakufungwa kabisa, wakaipiga hadi Auburn, iliyokuwa imezishinda Alabama na Georgia. Fainali ya taifa wakacheza Alabama na Georgia.

Tangu 2024 nafasi ni 12, na kwa misimu ya 2024 na 2025 tano zilitengewa mabingwa wa ligi waliopangwa juu zaidi. Ndipo walipopitia Tulane na James Madison, vyuo vya ligi ndogo, mwaka 2025, na tayari wapo wanaotaka mlango huo ufungwe.

Fedha ndizo zinazonikera zaidi. Mkataba mpya wa televisheni ya ESPN wa kuonyesha mtoano huo kuanzia 2026 ni dola bilioni 7.8 kwa miaka sita. Ligi mbili kubwa, SEC na Big Ten, zenye vyuo 34, huchukua takriban asilimia 58. Ligi ndogo, vyuo zaidi ya 60, hugawana kama asilimia 9. Mgawo huo uliandikwa kabla mpira haujapigwa. Tangu Julai 2025 chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo. Chuo kidogo hakifiki huko, kwa hiyo kinachokuza nyota kinanyang'anywa msimu unaofuata, kisha kamati inasema kikosi chake ni dhaifu!

Mkiletewa mkataba, ulizeni malipo ni ya kila mwezi au ya mkupuo, na kama mtarudisha fedha mkihama. Mara nyingi kodi haikatwi, kwa hiyo tengeni yake mapema. Mwenye viza ya mwanafunzi aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana malipo haya yanaweza kumharibia viza. Ulizeni pia masomo yapi yatahesabiwa mkihamia chuo kingine.

Nanyi wazazi, msimwachie mtoto asaini peke yake. Mtafuteni mwanasheria asiyelipwa na chuo wala na wakala, awasomee kila kifungu kwa lugha mnayoielewa.