Lenta: kikao Jumapili, michango mwisho Jumamosi

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya!

Jumapili tunakutana chini ya mwembe, saa 4:30 asubuhi, baada ya Misa ya pili. Kuta za upanuzi wa kanisa zimefika usawa wa lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), mita 60 kuzunguka, na mvua za Kigoma mnazijua.

1. Saruji mifuko 22. Jumuiya tuko 11, kila moja 2. Ileteni Jumatatu, si kabla. Mfuko ukikaa sakafuni unavuta unyevu na kuganda. Tutapanga juu ya mbao.
2. Nondo 22 za mm 12: kila familia Sh 10,000 kwa mtunza hazina, mwisho Jumamosi. Weka na ya kutolea, tafadhali.
3. Mchanga tripu 1. UWAKA (wanaume Wakatoliki) mtapokea. Usugueni kiganjani, ukiacha tope urudi na gari lake.
4. Zege ni Jumanne. VIWAWA (vijana) kulimwagilia maji asubuhi na jioni siku 7, la sivyo litapasuka.

Wenyeviti, thibitisheni hapa kabla ya Ijumaa saa 2 usiku: jumuiya, idadi ya mifuko, vijana wangapi. Aliyekwama aseme sasa, siyo fundi akiwa juu ya jukwaa.