Taarifa ya mwenyekiti 2025: Batman bila pesa na kivuli cha Lwanda Magere

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kusoma komiki hapa Kisumu, na nyinyi wa Kakamega na Nakuru mnaokuja na matatu kila mwisho wa mwezi, habari zenu. Katibu aliniambia niandike ukurasa mmoja tu lakini mwaka huu tumesoma vitu vizuri sana, siwezi nikafupisha hivo, mnivumilie.

Nianze na pesa manake najua ndio mnangoja. Mweka hazina atawasomea hesabu kwa mkutano, mimi nasema tu michango yote imeenda kwa komiki. Toleo moja la Absolute Batman ni dola 4.99, hiyo ni karibu shilingi 650 kabla hujalipa usafiri na ushuru, kwa hivyo tunanunua nakala moja inazunguka mkono kwa mkono. Mzigo wa Aprili ulifika umelowa, aliyetuuzia akakataa kurudisha pesa, tukakaa jioni nzima Nyalenda tukibandua kurasa moja moja na kuzianika kwa kamba ya nguo, wino wa kava umeshika vidole hautoki. Komiki mbili hazikupona. Iliniuma sana na bado inaniuma. Sai tunanunua kwingine.

Haya, tuje kwa zenyewe. Absolute Batman, yaani Batman aliyeanzishwa upya kabisa, ilianza Oktoba 2024, Scott Snyder anaandika na Nick Dragotta anachora, na kwa huu mji wake wa Gotham, Bruce, ndiye Batman mwenyewe, hana kitu. Hana jumba, babake alikuwa mwalimu akapigwa risasi wakiwa wametembea zoo na wanafunzi, mamake yuko hai, yeye mwenyewe ni injinia tu, na ile nembo ya popo kifuani anaing'oa inakuwa shoka. Miaka yote nimesoma Batman nikijua ni shujaa wa wenye nazo. Huyu ningeweza kukutana naye Kondele akitoka kazini na viatu vya matope. Lakini kilichonishika zaidi ni marafiki zake wa utotoni, manake ni walewale tuliozoea wakiwa maadui, Penguin, Riddler, Two-Face, Killer Croc, hapa ni vijana wa mtaa mmoja wanacheza karata na unasoma ukijua hii haitaisha vizuri, unataka kuwaambia wakae hapohapo wasiinuke. Sehemu ya adui wake Bane sikuipenda vile wengine walipenda, naona damu imezidi story.

Absolute Wonder Woman nayo nitabishana na yeyote, ndio komiki ya mwaka kwetu. Ya Kelly Thompson na Hayden Sherman, na 2025 ilipewa Eisner, ile tuzo kubwa ya komiki Marekani, ya mfululizo mpya bora, kwa hivyo si mimi peke yangu. Diana, ndiye Wonder Woman, amelelewa kuzimu na mchawi Circe, hana kisiwa, hana dada zake, farasi wake ni mifupa mitupu yenye mbawa, na bado ametoka huko na huruma. Tulipoisoma kwa sauti kwa Kiswahili mwezi wa sita watoto waliokuja na wazazi wao walinyamaza kabisa, hata soda ziliachwa.

Ultimate Spider-Man ya mtu mzima mwenye mke na watoto wawili ni nzuri, wazee wa chama wameipenda kuliko vijana, na sitasema mengi hapo.

Za kutisha sasa. Wachapishaji Oni Press walifufua EC mwaka wa 2024, zile komiki za zamani za hadithi fupi zilizokufa baada ya wachapishaji kujiwekea kanuni za maadili za komiki Marekani mwaka wa 1954, na Epitaphs from the Abyss tumeisoma kwa hamu. Ukweli wangu ni kwamba nusu inatisha na nusu inahubiri, unajua mtu mbaya ataadhibiwa ukiwa bado ukurasa wa pili, na woga haukai hapo. Something Is Killing the Children ni ya tangu 2019 lakini wengi wetu tumeifikia mwaka huu, na yenyewe inakaa na wewe usiku, manake watoto wanaona zimwi na wakubwa hawaoni, mtoto anasema ukweli na hakuna anayemwamini. Na jamani muisome kwa karatasi. Mchoraji anaficha kitu nyuma ya ukurasa, mkono wako mwenyewe ndio unafunua, kwa simu unateremsha tu na jicho limeshaona kabla moyo haujajiandaa.

Nimefikiria sana kwa nini hizi ndizo zilitushika, na naona kote shujaa amevuliwa kile kilichokuwa kinamkinga. Hiyo sisi tunaijua tangu kwa nyanya zetu. Lwanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Waluo, mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki inagonga inaanguka, mpaka akaugua na yule mke aliyetoka kwa adui akaambiwa amchanje dawa kwenye kivuli, akachanja, damu ikatoka. Mwanachama wetu mmoja wa kidato cha tatu amechora huo ukurasa kwa kalamu ya wino, wembe uko chini, kivuli ukutani, na tone moja jeusi linashuka, hakuna maneno. Niliuangalia nikasahau chai. Ndio maana naomba mkutano upitishe sehemu ya michango ya mwaka ujao iende kwa karatasi nzuri na wino wa hawa vijana, tuchape kurasa za Magere wenyewe hata kama ni kumi na mbili, hata kama itabidi tupunguze oda za nje.

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya Januari, saa nane mchana, palepale. Aliyekaa na toleo la tatu la Wonder Woman tangu Septemba tafadhali alilete, kuna watu wamelingoja na bado hawajalisoma.