Monk akipiga Ellington: kwa mdogo wangu Tukuyu

Newark, New Jersey

Mdogo wangu,

Baba na mama wape shikamoo zangu. Kwenye flashi hii kuna albamu uliyoulizia, Thelonious Monk Plays Duke Ellington, yaani mpiga piano wa jazi Monk akipiga nyimbo za mtunzi Ellington: nyimbo 8, zimerekodiwa Julai 1955 kwenye studio ya Rudy Van Gelder, Hackensack, huku New Jersey. Besi Oscar Pettiford, dramu Kenny Clarke. Kampuni ya rekodi ya Riverside walimkomboa Monk kwa kumlipia deni la dola 108.27 kampuni aliyotoka, na kwa kuwa tungo zake zilisemekana ngumu, wakamwanzishia nyimbo ambazo watu wanazijua. Wapo wanaolalamika kwamba amejizuia mno. Kwako hiyo ni heri, maana sauti ya wimbo haipotei.

Sikiliza kwanza Solitude, anaipiga peke yake. Ukitoka hapo shika Caravan, ambayo Ellington alitunga na Juan Tizol. Ubeti una vipimo (baa) 16: 12 vyote unakaa kwenye kodi ya C7 (noti C, E, G na B flati zikipigwa pamoja), ndipo unatua F maina (F, A flati, C) kwa vipimo 4. Kwa nota zenu za kwaya do ni A flati, basi unakaa kwenye m, se, t, r, kisha unatua l, d, m. Ubeti huo mara mbili, halafu sehemu ya kati, vipimo vinne vinne: F7, B flati 7, E flati 7, A flati; kisha ubeti tena. Mkono uliozoea tenzi hutua mapema, kwenye kipimo cha 9. Hesabu kwa mdomo mpaka uzoee.

Kwenye kibodi, mkono wa kushoto usijaze. Kwa C7 piga C na B flati tu, kulia E, G iache. Mpiga besi akiwepo, hata C mwachie, la sivyo chini kunavuma na spika za kanisani zinakoroga kila kitu. Mdundo wa kibodi unaojipiga wenyewe uzime kabisa, kwa sababu unajaza kodi nzima hata usipotaka.

Ule mkwaruzo wa Monk ni noti mbili za jirani, tuseme E na F: zigonge pamoja, F iachie upesi, E ibaki inalia. Kibodi isiyotofautisha kidole kizito na chepesi hutoa zote kwa nguvu moja, na wasikilizaji watadhani umekosea. Tafuta kwenye menyu sehemu ya mguso uiwashe. Kama haina, mkwaruzo uache, piga E peke yake.

Mpiga besi mpe Caravan kabla yako. Wasalimie wanakwaya wote.

Kaka yako