Barua kwa mwanangu: kuhusu bei ya mablanketi ya viraka

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mbeya Juni imeingia na baridi yake, na maagizo ya mablanketi yameingia nayo. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu kila nikianza unaniambia, "Mama, pumzika."

Mimi sikustaafu ualimu ili nipumzike. Tangu udogo wangu kule Tukuyu nilikuwa naokota vipande chini ya cherehani ya bibi yako na kuviunga. Miaka yote ya chaki nilishona usiku, nikagawa kwenye harusi na kwa waliojifungua. Sasa nashona mchana, na nauza. Ni kazi yangu, mwanangu, na naipenda sana.

Kwa hiyo hao rafiki zako wanaotaka bei ya chini kwa kuwa mimi ni mama yako, naomba usiwaahidi. Wanadhani viraka ni vya bure. Zamani mafundi cherehani wa soko la Mwanjelwa walivitupa kweli; siku hizi wananiuzia, na ni haki yao. Nikifika navyo nyumbani nachambua. Kila kitambaa nakichomoa uzi na kuuchoma: ukiacha jivu laini lenye harufu ya karatasi, hiyo ni pamba, ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, nakiweka kando, pasi ya moto itakiharibu. Halafu nafua vyote kabla ya kukata, kwa sababu kitenge kipya husinyaa, na chekundu kinaweza kuchuja rangi kikachafua jirani zake. Mshono ni robo inchi. Ukizidisha kidogo tu kila mshono, safu ya vipande ishirini inakuwa fupi kuliko mwenzake na blanketi zima linapinda. Hapo bado sijaweka pamba ya ndani na kitambaa cha chini, wala sijapitisha sindano kwa mkono tabaka zote tatu ili pamba isijikusanye pembeni likifuliwa. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayochukua muda mwingi, na ndiyo inayonifurahisha kuliko zote.

Zile picha ulizonitumia za wanawake wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, nazitazama sana. Waliunga nguo kuukuu za shambani zikawa mablanketi ili familia zao zisilale na baridi. Mwaka 1966 wanawake wa wilaya yao ya Wilcox wakaanzisha ushirika wa kuuza kazi hizo, Freedom Quilting Bee, na mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yakatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha New York. Ushirika ule ndio ulionigusa zaidi. Walikaa pamoja wakaipa kazi yao bei.

Nami nina daftari: vitambaa, uzi, pamba, umeme wa pasi, na saa zangu. Saa zangu sizifuti kwa ajili ya mtu. Anayetaka alipe nusu kabla sijakata. La kwako na la mjukuu wangu hayana bei, hilo unalijua.

Ukipita Kariakoo niulizie pamba ya kuweka ndani, ile ya kukunjwa kwenye robota, iwe pamba tupu. Usinunue kwanza. Nitumie picha, upana wake na bei ya mita, kisha nitakujibu.

Mama yako