Mwanangu, wale senene uliwagawa sawa tu

Mwanangu, marahaba. Jumapili simu ilikuwa inakatakata nikaona bora nikuandikie, usome taratibu ukishatoka kazini.

Dada yako neno limemponyoka. Kasema wale senene, hao panzi wetu wa kula, niliokutumia desemba, kopo zima, uliwagawia wenzio hapo kazini na we hukuonja hata mmoja, eti siku hizi harufu yao inakushinda. Afu mi nikikuuliza unasema mama walikuwa watamu sana wameisha. Usimgombeze dada yako, na mi sijakasirika, nimecheka mpaka baba yako akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Maana na mimi nilifanya hivyohivyo.

Si unajua mi mtoto wa Ngamiani Tanga, huku Bukoba nimekuja 1997 namfuata baba yako, na meli watu walikuwa bado wanaiogopa maana MV Bukoba ilikuwa imezama mwezi wa tano 1996, kwa hiyo tukazunguka na basi Nairobi, Kampala, tukaingilia Mutukula, miguu imevimba, na kwenye begi nina mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, usije ukawasimulia watu mama yako alisafiri na mnyama. Nafika sokoni nauliza nazi, naonyeshwa mbili zimekauka, hela yake Tanga ningebeba kapu zima. Mbuzi ikaenda kukaa juu ya kabati.

Siku ya kwanza bibi yako akapika ndizi na maharage sufuria moja, kafunika na majani ya mgomba, hakuna nazi, hakuna pilipili, hakuna ndimu. Nikala kidogo nikashukuru, moyoni nasubiri wali. Wali wenyewe haukuja mpaka Idi! Kwetu ndizi unapika siku ukijisikia, huku mtu kala sahani nzima ya pilau akifika kwake anasema hajala.

Na kahawa ndio ilikuwa kituko. Naambiwa karibu kahawa, nikajiweka sawa nasubiri kikombe kidogo na kashata kama barazani kwetu, bibi yako ananinyooshea kakikapu ka kahawa kavu za kutafuna, mi nakaangalia, nikadhani ananionyesha mavuno, nikasema mashaallah mwaka huu mmevuna. Walinicheka mpaka msimu uliofuata.

Sijui ilibadilika lini, hapo mpaka leo sielewi. Nilijikuta tu natafuna kahawa huku nasahihisha madaftari ya wanafunzi, nikikosa ndizi siku mbili naona tumbo halina kitu, asubuhi mvua inanyesha mi nimevaa sweta kama watu wote, na wakubwa nawapigia magoti kuwasalimia bila hata kufikiria.

Bibi yako wa Tanga alikuwa ananitumia kifurushi kwa basi, papa mkavu na ng'onda, kafunga viroba viwili viwili. Mwanzoni nikifungua nalia. Baadae, tuambizane ukweli, ile harufu ikaanza kunishinda, nyumba inanuka siku tatu, na mi nshazoea sato mbichi wa ziwani, nikawa nampelekea mama mmoja jirani yetu ambae kwao Pangani, yule alikuwa anapokea kwa mikono miwili. Afu nikipigiwa simu nasema mama papa mtamu, nimempika na nazi. Nazi gani? Za wapi?

2003 tukaenda Tanga, we una miaka minne hukumbuki. Barabara ya 12 nakutana na mjomba, mi huyo magoti chini mchangani, watu wanageuka, mjomba kadhani nimeanguka akaja mbio kuninyanyua. Jioni nikasema leo jikoni naingia mimi, nikapika ndizi na maharage kama za huku, najisifu kabisa. Mama akaonja, akaweka kijiko chini, akaniita chumbani, akafunga mlango ananong'ona, "Mwanangu, mumeo hata hela ya nazi hana?" Akanitia elfu tano mkononi. Nikaipokea. Ningesema nini sasa, kwamba hela ya nazi ninayo ila siku hizi ndizi na nazi naona kama zimetiwa mafuta mengi?

Alifariki 2009, sikuwahi kumwambia habari ya wale papa. Nahisi alijua, maana vifurushi vya miaka ya mwishoni papa aliacha kuweka, akawa anaweka khanga na udi. Hakuuliza kitu wala mi sikuuliza.

Haya, la maharage uliyolalamika kwamba hayaivi. Sio kwamba hujui kupika. Huko Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, sio 100, yani unaona yanatokota ila joto lake halijafika lile la Tanga, ndio maana mkaa unaisha maharage bado yanakutazama. Hata huku, ziwa lenyewe liko mita 1,134, nilipotoka pwani niliona tofauti nikawa nalaumu mbegu. Loweka usiku kucha, funika, weka jiwe juu ya mfuniko, ukipata hela nunua presha kuka. Viazi na parachichi unavyovisifia kila siku nimekuelewa, kula. Kuoga mara moja kwa siku kwa baridi ya huko mwezi wa saba nimekusamehe, ila uoge. Ulanzi, hiyo pombe ya mianzi uliyosema umeonja kidogo tu, hapo simu ilikatika sikusikia, na baba yako hajasikia.

Ijumaa naenda stendi kutuma boksi, kuna sweta nimekushonea na kahawa. Senene bado ninao, waliokaushwa, wanakaa vizuri. Kabla sijafunga niandikie ukweli, na kama wenzio ndio wanawapenda niambie mko wangapi hapo ofisini.

Mama yako